Ngisi wa Mdogo Wangu

Mama alikuwa amekwenda Dar es Salaam mara moja tu maishani, mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Alikaa huko siku arobaini akimhudumia mzazi, kisha akarudi kwangu Ifakara na kanga mbili mpya, kikohozi, na habari za ngisi. Kanga zilipauka, kikohozi kikaisha, lakini habari za ngisi hazikuisha. Nikimwekea kambale, alimgeuzageuza kwa kidole akitafuta miiba, halafu akasema, "Ngisi hana mwiba hata mmoja." Nikimwekea perege wa kukaanga, alisema vilevile. Nilivumilia maneno hayo miaka mingi, na kila mara yaliniuma upya.

Tatizo halikuwa ngisi. Mama alikuwa anaishi na mimi. Ni mimi niliyemtoa Mahenge baba alipofariki, nikamjengea chumba hapa mtaa wa Viwanja Sitini chenye dirisha linalotazama jiko langu la nje, ili asikae mpweke wakati mimi napika. Nilijua mguu upi unamuuma mvua ikikaribia. Nilijua anapenda chai iungue ulimi kidogo. Halafu sifa zote zikaenda kwa mtu aliyempikia siku arobaini, tena mwenyewe akiwa kitandani nusu ya siku hizo. Na mtu huyo ni kitinda mimba wetu, niliyemzidi miaka kumi na miwili, niliyembeba mgongoni kutwa nzima mama alipokuwa shambani. Nilimpenda sana mtoto yule. Nilimwonea wivu pia, tangu wiki aliyozaliwa, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote mpaka sasa ninapoandika.

Mwaka jana, masika yalipoisha, mama aliacha kula. Malaria ilimlaza wiki moja, ikapona, lakini hamu ya chakula haikurudi. Meno yalikuwa yamebaki machache na hayakutazamana. Alikunywa uji nusu kikombe, akalamba mchuzi vijiko vitatu, akasema ameshiba. Nilimpikia wali wa maji mengi hadi ukawa kama uji. Nilimpikia ndizi za nazi, kisamvu cha karanga, kuku wa kienyeji aliyechemka tangu asubuhi. Alinishukuru kila mara kwa heshima, kama mgeni, kisha akaisukuma sahani pembeni. Nikimfunga kanga kifuani, nilikuwa naizungusha mara moja zaidi kuliko zamani.

Mdogo wangu alipiga simu kila siku kuuliza mama amekula nini. Aliuliza kwa upole, lakini mimi nilisikia kana kwamba nimekificha chakula uvunguni. Halafu akaandika kwenye kundi la familia la wasapu kwamba mama ahamie kwake Tabata, awe karibu na hospitali kubwa. Kaka zetu wawili, ambao kwa miaka yote kazi yao ni kuandika "amina" kwenye kundi hilo, wakakubali papo hapo. Niliandika kwamba mama hatoki. Tukavutana siku tatu, mwishowe ikakubaliwa kwamba mdogo wangu aje amwone, na mama aamue mwenyewe siku ya Jumapili. Kwa hiyo nilijua kabisa kinachokuja. Akimpendeza mama, anaondoka naye.

Alifika Ijumaa jioni kwa basi, akiwa na boksi kubwa na deli la barafu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hilo boksi la nini?"

"Eafraya. Inakaanga kwa hewa ya moto. Na humu kwenye deli nimemletea mama ngisi wake."

Ngisi wake. Nilibeba deli hadi ndani, na neno hilo niliingia nalo.

Ile mashine ilikuwa nyeusi, ya kung'aa, kubwa kuliko ndoo ya lita kumi, na droo mbele yake yenye mpini. Mdogo wangu alisogeza chupa yangu ya chai akaiweka mashine mahali pake, kwenye meza ya sebuleni, maana jiko langu la nje halina soketi. Mama alitoka chumbani kuja kuiona. Aliigusa juu, akaigusa ubavuni, akauliza kama kweli inakaanga bila mafuta.

"Mafuta kijiko kimoja tu, mama. Hata moshi hakuna."

Mama aligeuka akatazama kupitia mlangoni, ambako karai langu limetundikwa ukutani na masizi yake ya miaka ishirini. Alilitazama muda mrefu.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu alipanda bodaboda kwenda mjini kutafuta viungo, na hasa wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kwenye maboksi. Kabla hajaondoka alinitolea ngisi kwenye beseni. Barafu ilikuwa imeshayeyuka karibu yote, lakini ngisi walikuwa hawajaharibika, wananitazama kwa macho yao makubwa.

"Dada, waoshe tu kwa maji. Ondoa hii ngozi ya zambarau, na huu mfupa wa ndani unaofanana na plastiki, basi. Usiongeze kitu."

Nilimwambia sawa. Nimeanza kuparua samaki kabla yeye hajazaliwa, na sasa nafundishwa kuosha.

Sasa, kwetu huku bondeni kambale hapikwi na utelezi wake. Unachota majivu jikoni, unamsugua mwili mzima mpaka mikono ikamate, ndipo unamsuuza. Mwanamke akipika kambale anayeteleza, habari zake zitazungumzwa misibani, na watu hawatasahau. Nilipomshika ngisi wa kwanza, aliniponyoka akarudi kwenye beseni. Nikamshika tena, akaponyoka tena. Utelezi wake ulimshinda kambale yeyote niliyewahi kumshika. Niliinuka nikaenda kwenye mafiga, nikachota majivu viganja viwili, nikawasugua wote.

Naomba niseme kweli. Nusu ya nafsi yangu ilifanya vile kwa sababu sijui njia nyingine ya kuosha kitu kinachoteleza. Nusu nyingine ilifanya kwa sababu niliambiwa nisiongeze kitu.

Nilikuwa bado nawasugua jirani alipofika kumjulia mama hali. Nikanawa, nikachemsha chai, nikakaa nao kidogo, na jirani yangu akianza habari za mkwe wake hamalizi upesi. Niliporudi kwenye beseni, ngisi walikuwa wamelala kwenye majivu zaidi ya saa nzima. Niliwasuuza maji matatu. Nyama ilikuwa nyeupe sana, na nilipoibonyeza ilibonyea kama mkate uliolowa. Nikajua nimewaharibu. Niliogopa, lakini chini ya hofu kulikuwa na furaha, na niliijua kuwa ni furaha ya roho mbaya.

Mdogo wangu alirudi bila wanga wa mahindi. Maduka yote aliyopita walimpa unga wa kastadi. Nikamtolea unga wangu wa mchele, ule wa mpunga wetu wa Katindiuka ninaoutwanga kwa ajili ya vitumbua. Aliupokea kama mtu aliyepewa nguo iliyochanika.

"Tutajaribu," alisema. Kisha akawashika ngisi. "Umewaosha vizuri dada. Weupe kweli."

Nilisema asante.

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akipika. Aliwakata pete za upana wa kidole. Akazikausha kwa kitambaa kisafi, akisema kitu chenye maji hakiwi kikavu mdomoni. Aliponda vitunguu saumu na tangawizi, akaongeza pilipili manga, manjano kidogo, pilipili ya unga, chumvi, akakamulia nusu ndimu, akazichanganya pete humo na kuziacha nusu saa. Halafu akapiga yai, akazichovya pete moja moja, akazigaragaza kwenye unga wa mchele uliotiwa chumvi na pilipili. Alishika kisu kwa namna niliyomfundisha mimi, kidole cha shahada kikiwa juu ya mgongo wa kisu. Hilo hakulikumbuka, au alidhani alizaliwa nalo.

Mkupuo wa kwanza alizijaza pete kwenye droo kama mtu anayepakia gunia. Zilitoka zimelowa, rangi ya vidole vya mfuaji nguo, unga umegandia chini. Nilifurahi sana. Nilisema, "Pole mdogo wangu," kwa sauti ya huruma kabisa.

Hakujali. Aliiosha droo, akaiacha ipate moto ikiwa tupu, kisha akazipanga pete chache tu, hakuna iliyogusana na mwenzake. Akazipaka mafuta kwa brashi. Baada ya dakika nne akazigeuza, akazirudisha kwa nne nyingine. Harufu ya vitunguu saumu ilijaa sebule, na mama akatoka chumbani bila kuitwa. Nilikuwa namwita mama mezani mara tatu tatu kila siku tangu masika.

Pete zilitoka rangi ya dhahabu. Mdogo wangu aliangusha moja kwenye sahani na ikalia, kavu kama jani la mahindi. Alimpa mama.

Mama aliitia mdomoni, akaibana kwa meno yake machache upande wa kushoto. Ilivunjika kwa sauti. Kisha akatafuna kidogo, akameza, akanyoosha mkono achukue nyingine. Alikula pete zote za mkupuo ule. Akauliza kama zipo nyingine.

Mdogo wangu alikuwa ameshatoa simu, anamrekodi. Video ilikwenda kwenye kundi, na kaka zetu, ambao hawakuwahi kuandika zaidi ya neno moja, waliandika mistari mizima ya kumsifu.

"Mwanangu, una mkono," mama alimwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Umeona? Hana mwiba."

Nilichukua pete moja nikala. Nje ilikuwa inavunjika, ndani ilikuwa laini kuliko firigisi iliyochemshwa siku nzima. Nami nilishawahi kula ngisi, kwenye harusi moja Morogoro, na nilitafuna kipande kimoja tangu bwana harusi anaingia mpaka watu wanatoa zawadi. Ndipo nilipoelewa. Mama zetu walichuja maji ya majivu wakapikia mboga ngumu na maharage, vikalainika. Majivu yangu yalikuwa yamefanya hivyohivyo. Hata kule kuvunjika kwa nje kulikuwa ni unga wangu wa vitumbua. Kilichokuwa cha mdogo wangu pale ni viungo na umeme, tena umeme ni wa kwangu.

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini ningeyasema vipi? Ningesema, mama, utamu huu ni kwa sababu nimefanya nililokatazwa? Kila neno lingesikika kama lilivyo, mtu mzima anagombania sifa mbele ya sahani ya mgonjwa. Kwa wivu nikaenda nje kusukutua kinywa ambacho hakikuwa na kitu.

Jumapili baada ya misa mama alituita chumbani kwake. Alisema atakwenda kwa mdogo wangu akae kidogo, ale, apate nguvu, kisha atarudi. Alinishika mkono alipokuwa anasema. Nilijibu kwamba ni vizuri. Jumatatu asubuhi niliwasindikiza stendi, nikamfunga mtandio kichwani, nikampa chupa ya uji wa njiani. Basi lilipoondoka nilirudi nyumbani nikatundua karai, nikalisugua masizi kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Mume wangu aliporudi kutoka shamba letu la kijiji cha Mbingu aliniuliza kama kuna sherehe.

Simu ya kwanza ilikuja Alhamisi.

"Dada, ngisi leo wamekuwa wagumu kama ndala. Mama ametema. Siku ile uliwafanyaje?"

"Niliwaosha kwa maji," nilisema. "Kama ulivyoniambia."

Sikupanga kusema hivyo. Yalitoka yenyewe, kwa utulivu, na baada ya kukata simu nilipika wali nikala vizuri kuliko siku zote tangu mama aondoke.

Akapiga tena wiki iliyofuata. Alikuwa amebadilisha duka la samaki. Amejaribu kuwalaza kwenye maziwa. Amejaribu kupunguza dakika, akaongeza dakika, akawachemsha kwanza. Amepika vyakula vingine vyote pia, na mama anavishukuru na kuvisukuma. Kila mara alimaliza na swali lilelile, na kila mara nilimjibu maji. Nilijiambia kwamba mama akichoka huko atarudi kwangu, na akirudi nitampikia ngisi mwenyewe, hata kwa karai, naye ataona. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyosema siku hiyo. Nilikuwa nayarudia maneno hayo nikifagia.

Wiki ya tatu ilipoisha, mdogo wangu alinipigia simu ya video ili nizungumze na mama. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, kanga aliyoondoka nayo imefungwa kwa fundo kubwa kifuani. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza ndani ya blauzi.

"Unakula mama?"

"Nakula vizuri sana. Ananipikia ngisi. Nakula mpaka nashindwa."

Alisema hivyo huku anamtazama mdogo wangu pembeni ya simu, ili mdogo wangu asione aibu mbele yangu. Kwenye kona ya kioo nilimwona mdogo wangu anafuta macho. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa wivu. Niliona wivu hata kwa uongo ule. Mimi mama hakuwahi kunidanganyia mtu. Kwangu alisukuma sahani waziwazi.

Nilikata simu nikakaa jikoni. Dawa ya ngisi niliijua mimi peke yangu. Mama asingeomba kurudi, maana kuomba kungemwaibisha mdogo wangu. Angekaa pale kwenye kochi akishukuru, kila siku akipungua, na mimi ningekuwa bado nafagia na kurudia maneno yangu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Asubuhi nilimpigia mdogo wangu.

"Niliwasugua kwa majivu," nilimwambia. "Kama kambale. Wakakaa saa nzima ndani yake."

Nilisikia watoto wake wanajiandaa kwenda shule.

"Dada," alisema, "nimekuuliza wiki tatu."

"Najua."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliuliza tu atayapata wapi majivu, anapikia gesi, na majirani wote wa ghorofa lile wanapikia gesi. Magadi yangefanya kazi ileile, na magadi yapo kila soko la Dar es Salaam. Nililijua hilo nikiwa nimeshika simu. Sikumwambia. Nilisema, "Nitakutumia."

Nilipika siku nzima kwa kuni safi, bila karatasi wala mfuko, nikaacha moto ufe wenyewe. Nikachekecha majivu kwa chekeche ya unga mpaka yakawa laini kama poda, nikajaza kopo la maziwa, nikafunga na kilo mbili za unga wa mchele, nikapeleka kwenye basi la asubuhi. Kondakta aliuliza ndani kuna nini, nikamwambia vyakula vya mgonjwa. Kwa mdogo wangu niliomba jambo moja, asimwambie mama. Mama angeanza kuhesabu siku alizokaa na njaa nami najua dawa, na hesabu hiyo asingeisahau hata kama angenisamehe. Mdogo wangu aliniahidi, na ameitunza ahadi yake kuliko nilivyostahili.

Siku mbili baadaye nilipokea video. Mama amekaa mezani, anabana upande wa kushoto, inavunjika, anameza, ananyoosha mkono. Niliitazama mpaka mwisho, nikairudia. Nililia, na sitasema kilikuwa kilio cha furaha peke yake.

Mama yuko Tabata mpaka leo. Ameongezeka mwili, anatembea mwenyewe hadi kanisani, na habari za kurudi Ifakara hazisikiki tena. Kila mwezi nachekecha majivu. Wiki iliyopita alinipigia yeye mwenyewe, sauti yake nzito kama ya zamani, akanicheka kidogo aliposikia kunguru wanamaliza mpunga ninaouanika, kisha akaanza kumsifu mdogo wangu. Alisema hajapata kuona mtu mwenye mkono kama ule.

"Na wewe jifunze kwake," aliniambia. "Wewe ni mwepesi kufundishika. Muulize vizuri, atakuonyesha, hana choyo. Ili siku nikija kukutembelea unipikie, nikusifie na wewe."

Nilimjibu, "Sawa mama. Nitamuuliza."